Mchagua Pasi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mambo ya shamba sibishani nao. Lakini nimemshuhudia mtu akichagua pasi ya nywele Kariakoo kwa saa nzima na ushei, na tangu siku hiyo methali ile naitumia kwa tahadhari.

Mtu mwenyewe ni msusi wangu. Ana saluni ya viti vitatu Sinza, na wateja wake wote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Anti. Pasi yake ya zamani ilikuwa imeanza kuwa na moto upande mmoja na uvuguvugu upande wa pili, akaniomba nimsindikize mjini kutafuta nyingine. Mimi nilidhani tunakwenda kununua. Kumbe mwenzangu alikuwa anakwenda kuposa, na posa ina maswali.

Kijana wa duka alipanga maboksi juu ya kaunta. Kila boksi lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele za singa zilizomwagika hadi kiunoni, na pembeni tarakimu nene: 230. Boksi moja lilijitapa kwa 450, nami nikaona hilo ndilo lenyewe, mpaka Anti aliponionyesha kiherufi kidogo kando yake. Zilikuwa nyuzi za Farenhaiti. Ukizigeuza kuwa sentigredi unarudi palepale kwenye 230. Yeye hakuzijali zote mbili. Alitoa pasi ya kwanza, akaifumba, akaiinua usawa wa macho na kuielekeza kwenye taa ya dukani. Alikuwa anatafuta mwanga. Mabapa mawili yakifumbana sawasawa, mwanga haupenyi popote, si nchani, si katikati, si kwenye kitako. Pasi ile ilipenyesha uzi mwembamba wa mwanga upande wa ncha. Akairudisha boksini bila neno.

Ya pili ilipita kwenye taa. Hapo akang'oa unywele mmoja kichwani kwake, akaubana kwenye ncha ya mabapa, akauvuta. Akaubana katikati, akauvuta. Akaubana kwenye kitako, akauvuta tena, huku amefumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. Kijana akashindwa kuvumilia.

“Mama, sasa hapo unapima nini, na hata haijawashwa?”

“Ikishawashwa na kunusa nywele zangu, utasema imeshakuwa yangu.”

Alichokuwa anapima ni mshiko. Unywele unatakiwa ukatae kidogo, na ukatae sawasawa kila mahali. Ukiteleza sehemu moja, hapo nywele za mteja hazitapata joto. Ukikwama sehemu nyingine, hapo ndipo zitakapokatika. Pasi nzuri ina springi ndogo chini ya bapa, hivyo bapa lenyewe huzama kidogo ukilibonyeza kwa kidole gumba, kisha hurudi. Kwa sababu hiyo fungu la nywele lenye unene usiolingana, na hakuna fungu la nywele za Kiafrika lenye unene unaolingana, hupokea mkandamizo uleule upande hadi upande. Pasi ya bei ya kutupa huwa na bapa lililogandishwa kwa gundi. Unaiminya kwa nguvu ili ishike, na mkono unaominya kwa nguvu hauwezi kuteleza.

Kisha akaigeuza, akapapasa mgongo. Hili mimi nisingelijua hata ningekaa dukani mwaka mzima. Mnunuzi wa kawaida huangalia mabapa, kwani ndiyo yanayogusa nywele. Msusi anayetaka kuviringisha huangalia mgongo, yaani ganda la nje, kwa sababu wakati wa kutengeneza mawimbi nywele hupita juu yake. Mgongo ukiwa wa mviringo, nywele hupinda kama mto. Ukiwa na kona, kila wimbi hutoka na kunyanzi, kama suruali iliyokunjwa vibaya sandukuni. Pasi ya mgongo wa kona itanyoosha vizuri tu, lakini saluni yenye pasi moja haiwezi kumudu kifaa cha kazi moja.

Upana nao una maneno yake. Yeye hupenda bapa la inchi moja, kwa sababu linafika karibu na shina, linaingia kwenye panja, na linazungusha nywele fupi. Mabapa mapana ya inchi mbili humaliza haraka kichwa chenye nywele ndefu au wigi la nywele za binadamu, lakini hayajui kona. Mwisho alishika pasi juu, usawa wa kichwa cha mteja asiyekuwepo, akazungusha kifundo cha mkono hewani mara kadhaa kutazama kama shingo ya waya inazunguka nayo. Waya usiozunguka hujisokota, na waya unaojisokota kutwa mara arobaini hukatikia ndani. Wapita njia walikuwa wameanza kututazama.

Ya tatu ndiyo iliyopasi yote. Hapo ndipo alipoomba iwekwe kwenye umeme. Ilipopata moto wa nyuzi 180 akabana karatasi nyeupe katikati ya mabapa, akahesabu kimyakimya mpaka tano, akaifungua. Karatasi ilikuwa nyeupe vilevile. Angeona doa la kahawia mahali pamoja na weupe mahali pengine, angejua kwamba kipimajoto cha ndani kinasema uongo.

Mtihani huo wa karatasi una umri mkubwa kuliko umeme wa kwetu. Anti aliurithi kwa mama yake, aliyekuwa akinyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa juu ya jiko la mkaa. Kitana hakikuwa na tarakimu wala taa nyekundu. Kilitolewa motoni, kikapitishwa kwenye gazeti au kitambaa cheupe, na kama kitambaa kikibabuka, kitana kilisubiri. Watoto walikaa kati ya magoti ya mama zao, masikio yameinamishwa kwa kidole, wakiogopa hata kupiga chafya. Wengi wa rika langu tuna alama ndogo nyuma ya sikio ambayo haihitaji maelezo kwa mwanamke mwenzetu.

Na Paris pia walipima kwa karatasi. Huko ndiko kijana Marcel Grateau, mwaka 1872, alipobuni mawimbi yaliyokuja kuitwa kwa jina lake. Alitumia koleo la chuma lenye mguu mmoja wa mviringo na mwingine wenye mfereji, likipashwa kwenye moto, na ujuzi wake wote ulikuwa namna ya kuligeuza koleo hilo mkononi. Baadaye alihamia Marekani, akajiita François Marcel, na mwaka 1905 akapewa hataza ya koleo lake. Ng'ambo hiyohiyo Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867, alijenga biashara kubwa ya kutunza nywele za wanawake weusi. Watu humpa sifa ya kubuni kitana cha moto. Hakukibuni, kilikuwepo Ulaya kabla yake. Alikieneza, akafundisha maelfu ya wanawake kukitumia na kuishi kwa kazi hiyo, jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko kubuni.

Sasa turudi kwenye zile 230, maana ndizo zinazouza pasi na ndizo zinazoharibu vichwa.

Unywele ni keratini, protini ileile ya kucha na kwato. Ndani yake kuna vifungo vya namna mbili vinavyomhusu msusi. Vya kwanza ni vya haidrojeni, vyepesi na vingi sana. Vinaachia kwa maji au kwa joto, kisha vinashikana upya unywele ukikauka au ukipoa. Hivi ndivyo pasi inavyochezea. Vya pili ni vya salfa, vigumu, na hivi hukatwa na dawa ya kunyoosha, hasa ile yenye kostiki soda, kemikali ileile inayotengenezea sabuni. Ndiyo maana nywele za dawa hazirudi kipilipili mpaka ziote mpya, na nywele za pasi hurudi siku ileile ukinyeshewa. Mwenye nywele za dawa, basi, ameshatumia sehemu ya nguvu ya unywele wake. Akija kwa Anti, moto unashushwa hadi 160 au chini ya hapo, hata alalamike vipi.

Ukipita nyuzi 200 madhara huongezeka haraka, na ukikaribia 230 keratini yenyewe huanza kuvunjika. Unywele wa kipilipili una hatari zaidi kwa sababu si wa mviringo kama uzi wa kushonea. Umebonyea kama utepe, na kila unapopinda pana udhaifu. Mafuta ya kichwani nayo hupanda kwa taabu kwenye ngazi hiyo ya mizunguko, hivyo nchani huwa pakavu. Ipo kampuni ya ghd, iliyoanzishwa Leeds, Uingereza, mwaka 2001, ambayo ilijipatia jina kwa pasi isiyo na kitufe cha kupandisha moto. Ni nyuzi 185, basi. Wakati washindani wake wakishindana kupanda, wenyewe walikaa palepale. Siwasifu kwa bei yao, nawasifu kwa kukaa palepale.

Maana shida ya pasi mbovu kwa kawaida si moto mdogo. Ni moto unaotetereka. Anayepika chapati anaelewa. Kikaango chembamba kinaunguza ya kwanza, kinapoa kwa ya pili, na ya tatu unaigeuza mara sita mpaka inakuwa ngumu kama kandambili. Bapa lisilotunza joto hupoa linapokutana na fungu la kwanza, hivyo msusi hurudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na unywele hauna msamaha, kila mpito unauhesabu. Pasi ambayo Anti aliitafuta saa nzima ni ile inayompa ruhusa ya kupita mara moja. Mabapa ya titaniamu hupata moto upesi na kuurudisha upesi, nayo yanamfaa mwenye mkono mwepesi uliokomaa. Ya kauri huwa na moto mpole uliosambaa, na humsamehe mwanafunzi. Ila nyingi ziandikwazo kauri ni alumini iliyopakwa kauri juu, na rangi hiyo ikichubuka ukingoni, hapo pana kisu.

Nilimtazama akiizindua pasi hiyo Jumamosi iliyofuata, kwenye kichwa cha binti aliyekuwa na harusi ya dada yake jioni. Nywele zake hazikuwa na dawa, nyingi, nyeusi, zimejikunja kama pilipili mtama.

Kwanza zilioshwa, zikapakwa mafuta mepesi ya kukinga moto, zikakaushwa kwa draya huku zikivutwa kwa burashi. Kukausha ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote, na msaidizi wa Anti alijaribu kukatisha. Anti aliingiza vidole kwenye kisogo, akatikisa kichwa, akawasha draya upya. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na bapa la nyuzi 180 huchemka na kuwa mvuke humohumo ndani. Mvuke hutafuta pa kutokea, na unywele hubaki na mapovu kama mkate uliokatwa. Pasi ikipiga kelele ya shaa, kama maji kwenye mafuta, kazi imeshaharibika. Saluni ya Anti ikinyoosha nywele, husikii kitu.

Akagawa kichwa sehemu nne, kisha kila sehemu mafungu membamba, kwa kitana cha mkia. Mistari ilikuwa imenyooka kiasi kwamba ungedhani anataka kusuka. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu. Mkono uliojifunza kwa twende kilioni, miaka na miaka ya kugawa kichwa kwa kucha ya kidole kidogo kabla ya kujua kuandika jina, hauhitaji kufundishwa kugawa mafungu ya pasi. Wanaojifunza pasi kwenye video bila kupita kwenye kusuka hukwama hapa: wanashika fungu nene kama mkia wa ng'ombe, pasi inaunguza nje na haifiki ndani.

Alianzia ukosini. Kitana mkono wa kushoto, pasi mkono wa kulia. Kitana kiliingia kwenye shina na kuanza kushuka, pasi ikakifuata kwa nyuma, karibu kama kivuli, vyote kwa mwendo mmoja mpaka nchani. Kitana kinakuwa kimeshazipanga nywele sambamba kabla bapa halijafika, hivyo bapa halikuti fundo wala mapindano. Fungu likatoka limelala, linang'aa. Hakurudia. Nilihesabu mafungu thelathini na kitu kabla sijachoka, na aliyarudia mawili tu, yote ya karibu na masikio, ambako nywele za binti zilikuwa ngumu zaidi.

Alipofika kwenye paji alishusha moto na kugeuza pasi ikawa ya ncha. Pale kuna zile nywele laini tunazoziita malaika. Kwa hizo alitumia inchi ya mwisho ya bapa, kwa sekunde moja hivi, pumzi imezuiwa. Yake na yangu.

Kisha mawimbi, ambayo ndiyo niliyoyafuata. Anabana fungu katikati ya urefu wake, anageuza kifundo cha mkono nusu duara hadi pasi ilale chali na nywele zipande juu ya ule mgongo wa mviringo alioupapasa dukani, halafu anaivuta kushuka. Basi, ni hayo tu, na ukiambiwa ujaribu utatoka jasho. Ukisimama hata nukta moja, unaacha alama ya kukunjwa ambayo haitoki mpaka kuosha. Ukikimbia, nywele zinatoka na mwinamo wa unyonge, hazikuwahi kupashwa. Ukiminya, zinakatika, ukilegeza, zinateleza. Mwendo wenyewe ni wa mtu anayemenya chungwa akitaka ganda litoke zima. Nusu duara hutoa wimbi pana, mzunguko mzima hutoa msokoto.

Upande wa pili wa kichwa kila kitu kinageuka. Mawimbi yanatakiwa yaondoke usoni pande zote mbili, hivyo mkono uliozoea kupinda kulia sasa unapinda kushoto. Wasiojua hilo huzungusha pote upande mmoja, na mteja anatoka kama amesimama feri ya Kigamboni siku ya upepo.

Lakini sehemu niliyoipenda zaidi hufanyika baada ya pasi kutoka. Wimbi linapodondoka bado lina moto, na likiachwa lining'inie, uzito wake utalinyoosha. Anti hulipokea kiganjani, hulirudisha lilivyojizungusha, hulishika humo kama kifaranga hadi lipoe, au hulibana kwa kibanio na kwenda fungu jingine. Vile vifungo vya haidrojeni vilivyoachia kwenye joto vinashikana upya wakati wa kupoa, na vinashikana katika umbo lolote vitakalokutwa nalo. Kinachofunga wimbi ni kule kupoa. Kwa hiyo kichwa kizima kilibaki na vibanio kama robo saa, binti akichungulia simu na kuuliza mara tatu kama anaweza kuvitoa. “Tulia, mpenzi. Harusi haianzi bila wewe.” Vibanio vilipotolewa hakuchana. Alipitisha vidole mara mbili tu.

Katikati ya kazi hiyo nilimsimulia Anti aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu aliniletea pasi kutoka Marekani, nzuri, ya bei, yenye plagi ya miguu miwili bapa. Nikanunua adapta, nikaichomeka. Iliwaka kwa uchangamfu ambao sijawahi kuuona kwenye kifaa chochote, ikatoa harufu, ikazima milele. Adapta hubadilisha miguu ya plagi, haibadilishi umeme. Marekani ni volti 120, kwetu ni 230, na kifaa cha kupasha joto kikipewa karibu volti mara mbili hula umeme unaokaribia mara nne. Angalia maandishi madogo kwenye mpini: yakisema 100–240, chomeka kwa amani. Yakisema 120 peke yake, mrudishie ndugu yako na shukrani. Anti alicheka mpaka akazima pasi ili acheke vizuri.

Kuna mteja alimkataa siku hiyohiyo. Alikuja anataka pasi, na alikuwa amepigwa pasi mahali pengine wiki iliyopita na wiki iliyotangulia. Anti alichukua kishungi kidogo kisogoni, akakilowesha kwa maji ya chupa ya kupulizia, akasubiri. Nywele yenye afya ikilowa hujikunja, hurudi nyumbani. Kishungi kile kilibaki kimenyooka, kimelowa, kimekaa tu. “Hii haijui tena kwao,” Anti akasema, akampangia siku ya kukata ncha na kusuka. Dada yule aliondoka amenuna, pesa yake mkononi. Nikakumbuka kwamba mwenye saluni anayekataa pesa Jumamosi mchana ana kodi ya kulipa kama mwingine yeyote.

Dar yenyewe haimpi kazi yake umri mrefu. Hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu ndio unaofungua vile vifungo vyepesi bila kuomba ruhusa. Wakati wa masika mawimbi ya asubuhi yanaweza kuwa kumbukumbu ifikapo saa kumi. Yeye hilo halimkeri. Anasema mteja akiamka kesho na nywele zake zilezile za kipilipili, nzima, basi pasi ilifanya kazi.

Ukienda kununua yako, nenda na karatasi nyeupe, ng'oa unywele mmoja, na usione haya mbele ya kaunta. Ile ya Anti ipo mpaka leo. Waya umebadilishwa mara mbili. Mabapa ni yaleyale.